Utulivu wa Mwanafunzi Huanzia Dakani

Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kile kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa jinai, hakipatani na Katiba. Tangu hapo mambo ya afya ya akili yaliyokuwa yakinong'onwa yamepata nafasi katika vikao vya vyuo, na hilo ni jema. Kazi inaharibika kikao kinapofika kwenye swali la tufanye nini. Jibu huja upesi mno: tutenge chumba cha utulivu. Chumba chenyewe unaweza kukichora kabla hakijapakwa rangi. Darasa la pembeni au stoo iliyokuwa na viti vilivyovunjika, kiyoyozi, kapeti lililojaa sakafu nzima, mito minene ya sifongo, bango la mtu aliyekunja miguu mbele ya jua linalozama, na mlangoni daftari la kuandika jina na nambari ya usajili.

Kwa vyuo vya Malindi na Lamu, kwenye Pwani ya Kenya, mpango huo utakula pesa na mwishowe utabaki na kufuli. Nasema hivyo bila kuibeza haja yenyewe. Mwanafunzi anahitaji mahali pa kutulia, tena sana, ila pahali hapo hapapatikani kwa kubandika jina kwenye mlango mmoja. Panapatikana kwa kupanga daraja za sitara, kutoka penye watu hadi pa faragha, ili mtu ajisogeze kadiri moyo unavyompa. Pesa zianzie nje, kwenye kivuli na baraza. Chumba chenye mlango kiwe cha mwisho kujengwa, na kiwe kidogo kuliko vyote.

Watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa hesabu hii, maana wameikalia karne nyingi. Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, haikutoi njiani ikakutia chumbani kwa mkupuo. Kwanza kuna daka, ule ukumbi mdogo mbele ya mlango wenye baraza za mawe pande mbili, ambapo mpita njia anaweza kuketi bila kubisha hodi. Ukivuka mlango unafika tekani, yaani ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, kisha njia inapinda, ili aliye nje asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Baada ya pindo hilo ndipo kiwanda, maana yake ua ulio wazi kwa mbingu, halafu msana wa tini na msana wa yuu, yaani vyumba viwili virefu vinavyofuatana, na mwisho chumba kiitwacho ndani, penye kiza kidogo na ubaridi wa kuta nene. Kila unapovuka, mwanga unapungua, kelele zinapungua, na wenye ruhusa ya kufika wanapungua. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki kwa usalama zaidi ya kama mita 3, basi upana wa chumba umeamuliwa na mti. Kwa hiyo watu wawili wakiketi humo chumba hakionekani kitupu, jambo ambalo darasa la zamani la mita 7 kwa 9 haliwezi kulitoa hata ulijaze mito.

Sasa mchukue mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeamkia ujumbe kwamba hataruhusiwa kufanya mtihani mpaka amalize karo. Hatavuka uwanja mbele ya darasa lake zima kuelekea mlango ulioandikwa "Afya ya Akili". Lakini ataketi barazani, kwa kuwa kuketi barazani hakuna maana yoyote. Kila mtu huketi. Akikaa robo saa, huenda akajongea kiwandani penye kivuli. Kesho akijua kuna njia inayotoka hapo kwenda kwa mshauri nasaha bila kurudi uwanjani, huenda akaifuata. Wanaochora mipango ya chumba huifikiria ile hatua ya mwisho tu, na hushangaa kwa nini hapana anayeifikia.

Wapo watakaosema kwamba la muhimu ni mafunzo yenyewe, majengo baadaye. Wana ushahidi, ila ushahidi huo una pande mbili. Mazoezi ya uzingativu, yaani kuituliza nafsi na kuihudhurisha kwenye pumzi, yalipata umbo la kozi ya wiki 8 mikononi mwa Jon Kabat-Zinn, aliyeianzisha mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Utafiti wa wanafunzi 616 wa Chuo Kikuu cha Cambridge, uliochapishwa Uingereza kati ya 2017 na 2018, ulionyesha kwamba waliopewa kozi ya aina hiyo walikuwa na dhiki ndogo kipindi cha mitihani kuliko wenzao waliobaki na huduma za kawaida. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa zaidi wa shule za sekondari za Uingereza, wenye wanafunzi zaidi ya 8,000, na huko mafunzo hayo hayakuushinda mpango wa kawaida wa shule. Tofauti kati ya tafiti hizo ni nyingi, umri ukiwemo. Lakini katika ule wa kwanza wenye kuihitaji kozi walijitokeza wenyewe, na katika wa pili kozi iliingizwa kwenye ratiba kama somo. Chuo kinachofikiria kuwakusanya wanafunzi wote Ijumaa asubuhi "wavute pumzi" kingesoma matokeo hayo mawili kwanza. Kinachoelekea kufaa ni kuweka mahali panapomkaribisha anayetaka na kumwacha asiyetaka.

Kuhusu mahali penyewe, utafiti unaotajwa sana ni wa Roger Ulrich wa mwaka 1984. Alipitia rekodi za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolazwa penye dirisha linalotazama miti walitoka mapema kidogo na wakatumia dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Ni idadi ndogo, na mgonjwa si mwanafunzi. Hata hivyo unatosha kumuuliza anayetaka kuziba madirisha ya stoo kwa ajili ya kiyoyozi: unaziba nini hasa?

Tuje kwenye jua na upepo, kwani hapo ndipo mipango mingi inapovunjikia. Malindi iko digrii 3 na dakika 13 hivi kusini mwa ikweta. Karibu na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linasimama utosini. Juni linatoka upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini. Ukuta wa kaskazini wenye kimo cha mita 2.7 unahitaji upenu wa mita 1.35 ili jua la adhuhuri ya Juni lisiuguse. Wa kusini, mita 1 inatosha kwa Desemba. Mashariki na magharibi upenu haufui dafu, kwa kuwa jua la asubuhi na la alasiri huingia chini chini. Kwa hiyo ubavu mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini, na ukuta mfupi wa magharibi usiwe na dirisha au ufichwe na mti. Kiwanda kisicho na kivuli cha juu hakifai kwa chuo hata kidogo. Katika nyumba ya Lamu hakuna aliyeketi kiwandani saa saba mchana, walihamia misanani. Lakini mwanafunzi anapata nafasi saa hiyo hiyo, kati ya kipindi na kipindi. Basi theluthi mbili za ua zifunikwe na mti au makuti, na theluthi iliyobaki iachwe wazi ili hewa ya moto ipande na kutoka.

Upepo una misimu yake. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, Kusi huanza karibu na Aprili ikitoka upande wa kusini na kusini-mashariki, na huja na mvua na chumvi. Jengo lenye matundu upande mmoja tu litapumua nusu mwaka. Kosa jingine dogo, lakini la kila siku, ni kimo cha dirisha. Mafundi wamezoea kizingiti cha mita 1.2, na kwa darasa la viti na meza hakina neno. Kwa watu walioketi mkekani, upepo wote unapita juu ya vichwa vyao, wao wanabaki wakitoka jasho huku pazia likipepea. Matundu ya kuingizia upepo yaanze sentimita 40 kutoka sakafuni, na ya kutolea yawe juu, upande wa pili. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Huizungusha ile ile, na watu kumi wakikaa saa nzima chumba kimefungwa hupata usingizi mzito wanaoudhania kuwa utulivu. Umeme ukikatika, unyevu unarudi, sifongo na kapeti vinaunyonya, na baada ya masika moja chumba kinanuka ukungu. Sanduku la nje la kiyoyozi nalo huliwa na chumvi. Hapo ndipo kufuli linapoingia.

Vifaa vya kufaa viko karibu. Baraza iwe na kimo cha sentimita 40 hadi 45. Kina cha sentimita 45 kinamtosha anayeteremsha miguu, lakini anayetaka kukunja miguu au kuegemea na kitabu anahitaji sentimita 70, kwa hiyo zijengwe za aina zote mbili. Uso wa baraza uteremke kiasi cha sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita ili maji ya mvua yasitwame. Ukuta wa matumbawe upigwe lipu ya chokaa. Saruji juu ya matumbawe hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya muda lipu inabanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Mchanga wa ufukweni usitiwe kwenye zege yenye nondo: chumvi yake huila nondo, kutu inavimba, zege inapasuka. Paa la makuti lipewe mwinamo wa digrii 45. Likilala sana maji hayakimbii, makuti yanaoza na kuvuja kabla ya wakati. Badala ya sifongo, tumia mikeka ya ukindu na mito iliyojazwa sufi, inayoweza kuanikwa kila Jumamosi. Na tafadhali, mnazi usiwe juu ya kiti. Kila mtu wa Pwani analijua hilo isipokuwa, inaonekana, wanaochora ramani.

Wapenda mapambo huomba chemchemi, kwa kuwa sauti ya maji inatuliza. Inatuliza kweli, na maji yaliyotuama yanazaa mbu katika muda wa kama wiki moja. Wazee wa Lamu walilitatua hili kwa kuweka visamaki kwenye birika la choo wale viluwiluwi. Chuo kinachotaka birika na kiweke visamaki, kisha kiamue ni nani atakayewaangalia likizo ya Desemba. Kisipoweza kumtaja mtu huyo, kisijenge birika. Kwa kelele, umbali ni rafiki wa bei nafuu: mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6 hivi. Jenereta iliyo mita 5 kutoka barazani ikihamishwa hadi mita 20, umepunguza desibeli 12 bila kununua hata godoro moja la kuzuia sauti. Adhana na punda wa jirani si kelele za kupigana nazo.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya mradi wa namna hii ni ya pesa. Tangu mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu uanze mwaka 2023, familia nyingi hazijui mwaka ujao zitadaiwa kiasi gani, na anayesema kijana huyu anahitaji karo, hana haja ya baraza, amesema kweli. Hakuna kivuli kinacholipa karo. Mimi ningekwenda mbali zaidi: chuo kisicho na mshauri nasaha hata mmoja kimwajiri kwanza, ndipo kiite fundi. Lakini hoja hiyo inaua chumba cha kiyoyozi zaidi ya inavyoua baraza, maana baraza ni mawe, chokaa na kazi ya mwashi, na halina bili ya umeme.

Wengine husema bahari ipo, nenda kaketi ufukweni. Kwa mvulana wa Malindi asubuhi ya Jumapili ni ushauri mzuri. Kwa msichana saa moja jioni, kati ya kipindi cha mwisho na kurudi hosteli, haumfai. Na hapa sina budi kukiri udhaifu wa mfano wangu mwenyewe. Baraza za mjini Lamu ni mahali pa wanaume. Pale Mkunguni, mbele ya Ngome, wanaoketi chini ya mti ni akina baba na vijana, wanawake wanapita. Chuo kikinakili daka peke yake kitakuwa kimewajengea wavulana. Dawa imo ndani ya nyumba ile ile, kwani kiwanda na misana vilikuwa himaya ya wanawake. Kwa hiyo ziwe nyua mbili zenye ukubwa sawa, moja ikiwa na pindo la mlango ili mtu avue mtandio na viatu bila kuonekana njiani, na bomba la maji karibu. Ua huo wa pili usiwe kipande kilichobaki nyuma ya jiko.

Swala lisichanganywe na mradi huu. Chuo chenye msikiti na kanisa tayari kina mahali pa ibada, na mwanafunzi anayetulia kwa dhikri hahitaji ruhusa ya mtu. Ila mahali pa utulivu pakigeuzwa msikiti wa pili, asiye Mwislamu ataona si pake. Pakitundikwa picha za watu waliokunja miguu, Mwislamu naye ataona ameletewa dini ya wenyewe. Kuta ziachwe nyeupe.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: kwamba mahali pa kuketi patakuwa pango la wavivu, la wapenzi, na la watafunaji muguka, majani ya jamii ya miraa, basi pafungwe na ufunguo ukae kwa mlinzi. Hofu ya muguka si ya kubuni. Mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilitoa amri za kuupiga marufuku. Lakini tazama watu wanatafunia wapi. Wanatafunia nyuma ya majengo, kwenye ngazi zisizopitwa, ndani ya vyumba vilivyofungwa. Baraza iliyo kando ya njia inayopitwa kila dakika haimfichi mtu. Kinachozaa pango ni kona iliyokufa, yaani sehemu yenye njia moja ya kuingia na isiyoonekana kutoka popote. Kila ua uwe na njia mbili za kutokea, na ukuta wa sitara uwe na kimo cha mita 1.2 kwa upande wa njia: aliyeketi mkekani amefichika, aliyesimama anaonekana. Ama daftari la majina, hilo ni kumwambia mwanafunzi aandike kwamba ana shida, kisha aliache jina lake mezani lisomwe na atakayefuata. Wakuu wanaotaka takwimu waweke mtungi na rundo la kokoto mlangoni. Kila anayeingia anatia moja, na jioni mtu anahesabu.

Chumba cha mshauri kiwe mwisho wa njia hii, mita 2.5 kwa 3.5, mlangoni pawe na nambari tu. Ubovu wa kawaida uko juu: kuta za kugawia ofisi huishia kwenye dari, juu yake ni wazi, na maneno yanavuka kwenda ofisi ya pili kana kwamba hakuna ukuta. Ukuta huo upandishwe hadi paani. Mlango wa kutokea uwe tofauti na wa kuingilia, ili aliyelia asipite mbele ya anayesubiri. Komeo la ndani liwe la aina inayofunguka kutoka nje, na anayeonekana kuwa hatarini asiachwe peke yake humo wala kwenye ua.

Mpangilio wa kazi unafuata majira. Muhula wa kwanza usijenge chochote. Weka mikeka na banda la muda la makuti sehemu tatu tofauti, kila moja na mtungi wake, uone kokoto zinajaa wapi. Mwarobaini upandwe mwishoni mwa Machi, kabla masika hayajakolea, mbali na ukuta ili mizizi isiusumbue msingi, na uzungushiwe fito kwa ajili ya mbuzi. Mkungu una kivuli kipana zaidi, lakini unamwaga majani mengi na matunda yake yanaita popo, basi ukae mbali na mahali pa kulaza mkeka. Mwarobaini utachukua miaka mitatu hadi mitano kutoa kivuli cha kuketi watu, na muda wote huo banda la muda libaki upande wa magharibi.